Mapigo Mia Moja Thelathini na Nne

Protase Rutaihwa alikuwa na miaka arobaini na minane alipoamua kwamba hawezi tena kukimbia bila saa. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika sekondari moja ya Kamachumu, katibu wa Jumuiya ya Mtakatifu Anna, mume wa Jovina na baba wa watoto watatu. Kwa miaka miwili alikuwa akiamka alfajiri, anavaa raba, anakimbia hadi kule barabara inakoanza kuteremkia Muhutwe, kisha anarudi jasho likimtiririka huku wanaokwenda shamba wakimpa pole kana kwamba kafiwa. Ukimuuliza anakimbia umbali gani, alijibu kilomita kumi. Hakusema "kama kumi" wala "zinakaribia kumi". Kumi. Sisi watu wa Kagera tunaitwa nshomile nchi nzima, yaani watu wa kujisifia kwamba tumesoma, na mara nyingi tunaonewa. Protase hakuonewa.

Siku moja katika chumba cha walimu, mwalimu kijana wa Kiingereza akamuuliza hizo kumi alizipima na nini.

"Na miguu yangu," Protase akajibu.

Wenzake walicheka mpaka chai ikawapalia. Yeye hakucheka. Mwalimu wa hesabu kuambiwa kwamba namba yake haina kipimo ni sawa na padri kuambiwa hajui sala. Mwezi wa nane alipokwenda Bukoba kwa semina ya siku mbili, jioni ya kwanza ilimkuta dukani kwa Faruku, karibu na soko, mbele ya kabati la kioo lenye simu na saa.

Faruku alikuwa mfanyabiashara wa aina ambayo haionekani kila siku, yule anayekuuzia unachohitaji. Alitoa saa mbili, akaziweka juu ya kitambaa.

"Mwalimu, hizi zote mbili ni za kukimbilia, na zote zina GPS. Zitakuonyesha umbali, mwendo wako, hata njia uliyopita. Hii ndogo nyeusi inaishia hapo. Hii nyingine ina taa ya kijani kwa chini, inasoma mapigo ya moyo."

"Ipi bora?"

"Bora kwa nani? Wewe unataka kujua nini?"

"Kilomita ninazokimbia."

"Basi chukua ndogo. Ukiichaji leo, unaisahau wiki mbili. Hii ya mapigo inakula chaji. Halafu nikwambie ukweli hata kama mimi ni muuzaji: mapigo ya moyo ni namba ya mtu anayejua ataifanyia nini. Kuna daktari aliyekwambia uuangalie moyo wako?"

"Hakuna. Moyo wangu mzima."

"Basi utakuwa unaitazama tu kama picha ukutani."

Hapo ndipo Faruku alipoharibu bila kujua. Protase alihisi masikio yanapata moto. Muuza simu anamwambia yeye, aliyefundisha takwimu miaka ishirini na miwili, kwamba kuna namba hatajua cha kuifanyia! Alilipa ile ya mapigo papo hapo. Faruku akamfungia mzigo wake na kumwomba kitu kimoja tu, asome kijitabu kilichomo ndani.

Alikisoma kweli, kesho yake kwenye basi. Kiliandikwa kwa Kiingereza, herufi ndogo kama punje za ulezi. Akafika kwenye ukurasa wa moyo: mtu mzima aliyetulia, mapigo kati ya sitini na mia moja kwa dakika, wenye mazoezi huweza kushuka chini ya hapo. Akatoa kalamu nyekundu ya kusahihishia, akapiga mstari.

Asubuhi iliyofuata akakimbia njia yake ile ile mpaka kwenye mteremko na kurudi. Saa ikasema kilomita saba nukta nne.

Akadhani imekosea. Siku ya pili akaivaa mkono wa kulia. Saba nukta nne. Siku ya tatu akakimbia akifuata ukingo wa nje wa kila kona, akapata saba na nusu. Jovina alipomuuliza habari za zile kumi zake, alijibu kwamba saa bado inaizoea njia.

"Waitu! Imekuwa ng'ombe mgeni?" mkewe akasema, akaendelea kumenya ndizi.

Basi mdomo wa Protase ukahama. Kilomita hazikutajwa tena. Habari ikawa ni moyo, kwa sababu huko saa ilimpendelea: alfajiri, kabla hajatoka kitandani, ilisoma hamsini na nane. Aliwaonyesha walimu, akawaonyesha wanakwaya. Baada ya misa wazee walimnyooshea mikono yao mikavu, naye akawafunga ile saa, akatazama taa ya kijani, akatamka namba kwa sauti ya kutoa matokeo ya mtihani. Mzee Mugisha, mwenyekiti wa jumuiya, alipata sabini na moja akafurahi wiki nzima. Watu wakaanza kusema kwamba Mwalimu anasoma mioyo. Walikuwa wanatania, naye alijua wanatania, lakini utani huo ulimnogea.

Wakati huo huo turubai la jumuiya likapotea.

Nani asiyejua turubai la jumuiya lilivyo? Ndilo linalofunikia wafiwa mvua inaponyesha, ndilo linalotandikwa kwenye harusi, na msimu wa kuanika kahawa kila mtu hulikumbuka ghafla. Mtunza vifaa alikuwa Petronila, ambaye wengi walimwita Mama Yuster kwa jina la binti yake mkubwa, fundi cherehani. Petronila alikuwa mjane. Marehemu mumewe, Mayenga, alikuwa Msukuma aliyevua samaki kwenye visiwa vya Muleba, na baada ya kifo chake mama huyu alipanda huku juu na bintiye, akapanga vyumba viwili, akawa anauza dagaa. Kihaya chake kilikuwa cha kuokoteza. Alipewa ufunguo wa stoo kwa sababu alikuwa mwaminifu, na pia, tuseme kweli, kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka kazi ya kufuatilia masufuria.

Jumamosi moja asubuhi, baada ya sala nyumbani kwa Mzee Mugisha, jambo likaletwa. Petronila alisimama akasema turubai lilirudi kutoka kwenye mazishi ya mwisho, alilipokea likiwa limekunjwa, akaliingiza stoo, akafunga. Alipokwenda kulianika, akakuta ni kipande cha zamani cha kufunikia kuni. Hakujua lilipokwenda.

Watu wakanong'ona. Stoo ina ufunguo mmoja. Mwanamke ni wa kuja. Ndipo mtu mmoja nyuma, kwa kicheko, akasema, "Si tunaye msoma mioyo hapa? Mwalimu, mpime!"

Wakaangua kicheko. Kama Protase angecheka nao na kukunja daftari lake, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini aliinuka.

"Tufanye kwa utaratibu," akasema. "Tuanze na wengine ili tuwe na ulinganisho."

Utaratibu! Akampima Mzee Mugisha, sabini na tatu. Akampima Jovina, ambaye alimtazama kwa jicho la kumwomba aache, sabini na nane. Akajipima mwenyewe, sitini na mbili, akaisoma kwa sauti zaidi kidogo. Kisha akaenda kwa Petronila.

Petronila alijifuta mkono kwenye kanga kabla ya kuutoa. Mkanda wa saa ulifika tundu la mwisho na bado ukalegea, jinsi alivyokuwa amekonda. Vidole vilikuwa vinatetemeka. Kulikuwa na baridi ya asubuhi ya Kamachumu, watu wamejifunika masweta, naye shingoni ana jasho. Protase aliyaona yote hayo, moja moja, akayaongeza kama mtu anayejumlisha.

"Mama Yuster, unajua turubai lilipo?"

"Sijui, Mwalimu."

Mia moja ishirini na nane. Akasubiri. Mia moja thelathini na moja. Akamwambia atulie, avute pumzi. Mia moja thelathini na nne.

"Mtu mzima aliyekaa," akawaeleza watu, akigeuka kama yuko ubaoni, "ni kati ya sitini na mia moja. Hii ni mia moja thelathini na nne."

"Mwalimu," Petronila akasema polepole, "wangu unaenda hivyo siku zote. Hata nikilala nausikia."

"Namba haidanganyi, Mama Yuster."

Hakuna aliyecheka tena. Petronila alifungua fundo la pindo la kanga, akatoa ufunguo, akauweka juu ya benchi. Akamwita Yuster, wakaondoka. Hakulia, na wapo waliosema kwamba asiyelia ana lake.

Baada ya siku ile hakuonekana tena kwenye jumuiya. Sokoni wateja wa dagaa wake walipungua; hawakumtukana, walipita tu wakanunua kwa mwingine. Ufunguo ukatundikwa kwenye msumari nyumbani kwa Protase.

Wiki ya tatu, Jumanne jioni, watu wawili wa jumuiya ya jirani walifika kwake wakisukuma baiskeli yenye mzigo nyuma. "Katibu, tusameheane," wakasema. "Siku ya mazishi yale, maturubai yetu mawili yalikunjwa karibu karibu. Tukabeba lenu, nanyi mkapewa letu lile bovu. Tumelifungua jana ndiyo tumeona alama yenu."

Protase akapokea turubai. Akawashukuru, akawapa rubisi, pombe ya ndizi, akawasindikiza hadi mwisho wa kibanja chake cha migomba. Aliporudi, Jovina alikuwa amesimama mlangoni.

"Unakwenda kwa Mama Yuster sasa hivi au kesho asubuhi?"

"Nitalisema Jumamosi. Mambo ya jumuiya yasemwe kwenye jumuiya."

Lilikuwa jibu zuri. Shida ni kwamba alikuwa na siku nne za kulifikiria, na kadiri alivyolifikiria ndivyo lilivyozidi kuwa gumu. Alijaribu maneno njiani akikimbia. Kila sentensi aliyoianza ilifika mahali ikamtaka aseme "mimi", naye akairudia upya. Jumamosi ilipofika alisoma matangazo: mazoezi ya kwaya, zamu ya usafi wa kanisa, "na lile turubai limepatikana," ubatizo wa watoto.

"Tumshukuru Mungu," Mzee Mugisha akasema.

"Tumshukuru Mungu," wakaitikia.

Mungu akashukuriwa kwa turubai, na Petronila hakutajwa hata na mtu mmoja. Protase alikaa chini akiona aibu. Kilichomchoma zaidi ni kwamba chini ya aibu ile kulikuwa na nafuu, kwamba limepita.

Usiku huo Jovina alimwambia neno moja tu. "Wewe ni mwalimu. Mtoto akimsingizia mwenzake, unamsimamisha mbele ya darasa." Kisha akageukia ukutani.

Tangu hapo saa ilikaa kwenye droo. Alikimbia bila hiyo, kisha akaacha kukimbia, kwa sababu njia yake ilipita mbele ya vyumba vya Petronila na hakutaka kukutana naye akiwa anachota maji. Akasema goti linamsumbua. Ulikuwa uongo mwingine, na ulitoka kwa urahisi kuliko ule wa saa kuizoea njia.

Karibu miezi miwili baada ya siku ya kipimo, habari zikaja kwamba Mama Yuster ameanguka sokoni Muleba, kando ya beseni lake la dagaa, na amekimbizwa Rubya, hospitalini. Jovina akachemsha ndizi, akafunga kwenye majani, akamwambia mumewe avae viatu. Hakumuuliza kama anakwenda.

Walimkuta amelala kwa kuinuliwa mto, macho makubwa kuliko walivyoyakumbuka. Yuster alikuwa ameshika kikombe. Tabibu, binti wa kama miaka thelathini, alikuwa anamalizia kuandika, akawaeleza kwa upole kama ndugu. Ni tezi ya shingoni. Imekuwa ikifanya kazi kupita kiasi kwa muda mrefu, nayo imeukimbiza moyo mchana na usiku. Ndiyo maana amekonda, ndiyo maana mikono inatetemeka na jasho halikauki. Dawa zipo, atapata nafuu. Lakini moyo umechoka, na kuna sehemu ya uchovu huo ambayo huenda isirudi.

"Angekuja mapema," tabibu akasema. "Hakuna aliyewahi kumpima mapigo?"

Yuster hakumtazama tabibu. Alimtazama Protase.

"Alipimwa. Mwalimu huyu alimpima, mwezi wa tisa. Ilikuwa mia moja thelathini na nne."

"Amekaa?"

"Amekaa."

Tabibu akageuka. Hakuwa na hasira, alitaka tu kujua, na hilo likawa baya zaidi. "Mwalimu, ulipata mia moja thelathini na nne kwa mtu aliyekaa? Ukamwambia nini?"

Protase alitazama kikombe mikononi mwa Yuster.   Wodi ilikuwa na vitanda vinane, na ilionekana kwake kwamba wote waliokuwamo wameacha kukohoa ili wasikie.

"Alisema namba haidanganyi," Petronila akajibu kwa niaba yake, bila ukali.

Tabibu aliwatazama mmoja mmoja, akaelewa kwamba amegusa kitu kisicho chake, akachukua faili lake akaenda.

Jioni hiyo nyumbani Protase alitoa kijitabu kwenye droo ile ile. Mstari mwekundu ulikuwa pale, umenyooka, umepigwa kwa ukingo wa kitambulisho chake cha kazi. Chini ya mstari kulikuwa na sentensi moja ambayo hakuipigia chochote: mapigo yakizidi mia moja mara kwa mara mtu akiwa ametulia, amwone daktari. Aliikumbuka. Aliisoma kwenye basi, akaielewa, na akaipita kwa sababu haikumsifu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wahenga walisema. Wao walidhani mwenye ulimi anajikwaa tu. Yeye alikuwa ameshika mkononi kitu kilichokuwa kikipiga kelele kwamba mama huyu anaumwa, akawageukia watu akawaambia ni mwizi. Alilia, mtu mzima, kwenye kiti cha jikoni, na Jovina hakumnyamazisha.

Kesho yake alirudi Rubya peke yake. Akapiga goti kando ya kitanda, akasogea karibu ili jirani wasisikie.

"Mama Yuster, nilikukosea. Naomba unisamehe."

Petronila akamgeukia. "Mwalimu, kunisema ulinisema mbele za watu. Mbona msamaha unauleta sikioni?"

Jumamosi Protase aliomba nafasi kabla ya sala. Alisimama pale pale alipokuwa amesimama siku ile. Akasema: Petronila hakuiba, turubai lilibebwa kimakosa, mimi nimelijua hilo kwa zaidi ya mwezi na nikalificha katikati ya matangazo.

"Basi, Mwalimu, yaishe," Mzee Mugisha akamkatiza, akitazama chini. "Sote tulikuwepo. Hilo tumeshalisahau."

"Yeye hajalisahau. Na mimi sijamaliza."

Akawaeleza habari za tezi. Akawasomea sentensi ya kijitabu, kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kihaya ili bibi wa mwisho kule nyuma asije akasema hakusikia. Akasema: hii nilikuwa nimeisoma.  Alipokaa, hakuna aliyemshika bega. Mwanamke mmoja kati ya wale waliokuwa wameacha kununua dagaa alijifunika uso kwa kanga.

Mchana ule ule alifika wodini, kavaa shati lile lile la asubuhi, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alimtazama Petronila usoni.

"Nimesema," akamwambia. "Mbele ya wote."

"Walikuwepo wangapi?"

Protase alikuwa katibu. Alikuwa na daftari la mahudhurio. "Ishirini na watatu."

Petronila aligeuza kichwa taratibu juu ya mto. "Siku ile tulikuwa thelathini na mmoja, Mwalimu. Ukinitoa mimi na Yuster, na wewe mwenyewe, wanabaki ishirini na wanane. Niliwahesabu wakati unasubiri saa isome."

Alisema hivyo tu, akafumba macho kupumzika. Protase alibaki ameketi na daftari magotini. Alilifungua, akatafuta Jumamosi ile ya mwezi wa tisa, akaanza kulinganisha majina kwa kidole. Waliosikia kosa na hawakusikia msamaha walikuwa watano. Wanne walikuwa pale pale Kamachumu, naye aliwafikia kabla jua halijazama, nyumba baada ya nyumba, akirudia kila neno tangu mwanzo. Wa tano alikuwa amehamia Bukoba, na kesho yake Protase akapanda basi la kwanza.